Spageti ya Mboga na Limao Kabla ya Taarifa ya Habari

Ukifika nyumbani saa moja na robo usiku ukiwa na njaa, jiko halikupi nafasi kubwa ya kuchagua. Maharage hayajachemshwa. Wali unaupenda, lakini wali bila mchuzi ni nusu ya chakula, na mchuzi una muda wake. Ugali huiva upesi, kisha hukaa mezani ukisubiri mboga. Ndiyo maana wengi mjini huishia kwenye chipsi mayai za kibandani, na kesho yake hivyo hivyo. Lakini kabatini mara nyingi mna pakiti ya spageti iliyonunuliwa siku nyingi, na kwenye kapu mna karoti mbili, hoho moja, fungu la mchicha na limao moja lililobaki baada ya supu ya Jumapili. Hicho ni chakula cha watu wanne, na kinaweza kuwa mezani kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Sharti ni moja: usiipike spageti kwa mazoea. Tunaijua zaidi ile ya nyama ya kusaga na nyanya ya kopo, inayokaa jikoni saa nzima. Tunazijua pia tambi nyembamba za sukari, iliki na nazi zinazopikwa Ramadhani kwa ajili ya futari. Zote ni nzuri kwa wakati wake. Hii ya mboga na limao ina mwenendo mwingine, kwa sababu haina mchuzi unaopikwa pembeni. Mchuzi wake ni maji yale yale spageti iliyochemkia, mafuta kidogo na limao. Ukishaelewa jinsi vitu hivyo vitatu vinavyokutana, hutahitaji kusoma mapishi tena. Utafungua kapu na kutumia kilichomo.

Spageti ya limao ina kwao. Ni chakula cha kusini mwa Italia, hasa kwenye pwani ya Amalfi na Sorrento, ambako malimao hulimwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe juu ya miteremko inayoshuka baharini. Malimao ya huko yana ganda nene lenye harufu nzuri, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeyawekea majina yake ulinzi wa kisheria. Wenyeji wakipika spageti kwa limao, huwa hawaongezi mengi: mafuta ya zeituni au siagi, jibini, basi.

Habari ya mboga ina njia yake nyingine. Mwaka 1977 gazeti la The New York Times lilichapisha mapishi ya spageti ya mboga kutoka mgahawa wa Le Cirque wa New York, na chakula hicho, kilichoitwa primavera, kikaenea Marekani nzima. Tatizo lake ni kwamba kinasifiwa kuwa chepesi wakati si chepesi hata kidogo. Mboga huchemshwa aina moja moja, hukaangwa, kisha huja siagi, krimu na jibini. Mgahawani kuna kijana wa kuosha vyombo. Nyumbani kijana huyo ni wewe. Kwa hiyo tuchukue limao la Amalfi, na New York tuwaachie masufuria yao.

Nianze na limao, maana ndilo linalokosewa zaidi. Mazoea yetu ni kulikata, kulikamua na kulitupa. Kwa supu au samaki wa kukaanga haidhuru. Hapa ukifanya hivyo umetupa sehemu iliyo bora. Maji ya limao kazi yake ni uchachu. Harufu imo kwenye ganda, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyoonekana kama vitundu juu ya ngozi yake. Minya kipande cha ganda mbele ya mshumaa unaowaka uone cheche zinavyoruka: hayo ndiyo mafuta yenyewe. Mafuta hayo hayana uchachu, kwa hiyo unaweza kumpa mtoto chakula kinachonukia limao kutoka mlangoni bila kumkunja uso.

Ganda hukwanguliwa kabla limao halijakatwa, kwa sababu kukwangua nusu ya limao lililokwisha kukamuliwa ni kazi ya kujikwangua vidole. Tumia upande wenye matundu madogo wa kile chombo cha kukwangulia karoti. Mkono uwe mwepesi, na uligeuze limao kila baada ya kukwangua mara moja au mbili, kwa kuwa unachokitaka ni rangi ya juu tu. Ukiona weupe, umefika mbali mno: utando mweupe ni mchungu, na uchungu huo hautoki hata uongeze sukari. Huna chombo hicho? Menya ganda kwa kisu kikali, vipande vyembamba mno, kisha vikatekate pamoja na chumvi kidogo hadi viwe laini. Chumvi husaidia kisu kisiteleze na huyavuta mafuta yatoke.

Malimao yanayoagizwa kutoka nje na kuuzwa supamaketi mara nyingi hupakwa nta ili yasinyauke. Yasugue kwa brashi na maji ya moto kabla ya kuyakwangua. Ya sokoni kwa kawaida hayana nta. Yaoshe vumbi na mabaki ya dawa ya shambani, yafute, yako tayari.

Kama kapuni mna ndimu badala ya limao, chakula kitapikika vilevile, ila ganda la ndimu ni jembamba na harufu yake ni kali. Kwangua ndimu moja tu kwa watu wanne, tena juu juu. Chungwa nalo lina nafasi yake, na mimi hulipenda kuliko watu wanavyotegemea. Machungwa ya Muheza, kama mengi ya nchi za joto, hubaki na ukijani hata yakiiva, kwa kuwa ganda la chungwa huhitaji baridi ya usiku ili ligeuke rangi. Usiyapuuze kwa ajili ya ukijani huo. Ganda linanukia vizuri kabisa. Lakini maji ya chungwa ni matamu, na spageti tamu itakukumbusha futari wakati hukuikusudia. Njia ya kulitumia ni kuchukua ganda la chungwa na maji ya ndimu. Harufu ya moja, uchachu wa nyingine. Na ukiwa pwani au visiwani ukapata danzi, hapo umepata vyote katika tunda moja: lina uchachu, lina uchungu kwa mbali, na linapatana sana na karoti.

Kuhusu maji ya limao, watu wanne wanatosheka na vijiko vitatu vya chakula, yaani limao moja kubwa lenye maji au ndimu mbili. Kabla ya kulikata libingirishe mezani huku ukilikandamiza kwa kiganja. Kama lilikuwa kwenye friji, litoe mara tu unapoingia jikoni. Limao baridi ni bahili.

Sasa jambo ambalo ningelibandika ukutani juu ya jiko: maji ya limao huingia mwisho, moto ukiwa umezimwa. Si suala la mapenzi ya mpishi. Ukijani wa mboga unatokana na klorofili, na katikati ya kila chembe ya klorofili kuna magnesi. Asidi ikikutana na moto, magnesi hung'oka, na mchicha uliokuwa kijani kibichi hugeuka kahawia iliyochoka ukiutazama. Pili, harufu ya limao ni kitu kinachoruka. Dakika tano za kuchemka huipeleka kwa jirani. Vitamini C nayo hupungua kwa moto. Tatu, na hili watu wa mapishi ya Ulaya hawatakwambia, sufuria zetu nyingi ni za alumini. Asidi ikichemkia humo huila alumini taratibu, na chakula hupata ladha ya chuma na ukijivu. Kikaango cha chuma cheusi nacho vivyo hivyo. Ukitia limao mwishoni na kupakua papo hapo, hakuna kinachoharibika.

Tuje kwenye maji ya kuchemshia. Vitabu vya Italia hupenda lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi. Kwa gramu 400 hiyo ni lita nne, na kwa mtu anayepikia mtungi mdogo wa gesi, kuchemsha lita nne ni fedha na muda. Mwaka 2009 Harold McGee, Mmarekani anayeandika sayansi ya mapishi, alieleza katika The New York Times jinsi alivyopunguza maji hayo hadi kiasi cha lita moja na nusu kwa karibu nusu kilo ya tambi, tena akaanza na maji baridi, na tambi zikaiva sawasawa mradi zikorogwe mara kwa mara. Mimi natia lita mbili kwa gramu 400, nafunika sufuria, na kama umeme upo nusu ya maji nayachemsha kwenye birika la umeme ili jiko lipunguziwe kazi.

Maji machache yana faida nyingine iliyo kubwa kuliko gesi. Tambi zikichemka hutoa wanga, na maji yakiwa machache wanga huo haupotei. Maji huwa meupe na mazito kidogo. Haya ndiyo tunayoyamwaga kwenye sinki kila siku, na ndiyo mchuzi wenyewe. Mafuta na maji, kama kila mtu ajuavyo, havipatani. Wanga huingia katikati yao, hushika vitone vya mafuta visijitenge, na ukikoroga kwa nguvu juu ya moto unapata mchuzi mwepesi unaong'aa na kuikumbatia spageti. Kwa hiyo kabla ya kuchuja, chota vikombe viwili vya maji hayo uviweke kando. Fanya hivyo mapema, maana mkono ukishazoea kumwaga, humwaga.

Chumvi: kijiko kimoja cha chakula kwa hizo lita mbili, yakishachemka. Usizidishe, kwa kuwa maji haya yatarudi kwenye chakula. Na kuna mazoea mawili ya kuyaacha. La kwanza ni kutia mafuta kwenye maji ili spageti isishikane. Mafuta hayo huelea tu wakati wa kupika, kisha huipaka spageti unapochuja, na mchuzi unakuja kuteleza juu yake. Kinachozuia kushikana ni mwiko, dakika mbili za kwanza. La pili ni kuisuuza spageti kwa maji baridi baada ya kuchuja. Ukiisuuza unaosha wanga wote, na imepoa, na sasa unataka kuipasha tena. Kuivunja spageti katikati ili iingie sufuriani, hilo lako. Mwitaliano akikuona atasikitika, lakini hakuna ladha inayopotea.

Neno moja kuhusu pakiti. Tambi bora hutengenezwa kwa ngano ngumu, na kwenye pakiti utaona imeandikwa durum. Italia imeliweka hilo katika sheria tangu 1967: tambi kavu za huko lazima ziwe za ngano hiyo. Kwenye maduka yetu zimo za kila aina, na zile za ngano laini hulegea ghafla na kuwa uji ukigeuka kumfungulia mtu mlango. Tofauti ya bei si kubwa, isome pakiti. Na dakika zilizoandikwa hapo, punguza mbili, kwa sababu spageti itamalizia kuiva kikaangoni.

Mboga zinapangwa kwa mwendo wake wa kuiva, basi. Njegere mbichi za sokoni, zile zinazouzwa zimemenywa kwenye mifuko, mara nyingi zimekomaa na ni ngumu. Zinahitaji robo saa au zaidi, kwa hiyo zitangulie kwenye maji yakiwa bado ya baridi, spageti izikute humo. Njegere zilizogandishwa ni laini na hutaka dakika mbili tu. Karoti zilizokatwa vijiti vyembamba, maharage machanga ya kijani na brokoli hutumbukizwa kwenye sufuria hiyo hiyo ya spageti dakika tatu kabla ya kuchuja. Sufuria moja, moto mmoja. Hoho, kitunguu maji na kabichi iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari huenda kwenye kikaango. Kabichi watu huidharau hapa, na wanakosea: ikikaangwa kwa moto mkali hadi kingo zake zikaanza kuungua, inatoa utamu ambao limao linaupenda sana. Zukini nazo huenda kikaangoni, zikatwe nene kiasi zisije zikatoa maji na kulala.

Mchicha na spinachi havipikwi. Vinaoshwa mara tatu, maana mchanga wa mchicha ukishaingia kwenye spageti hautoki; vinakatwa, vinatupiwa juu ya spageti yenye moto, na joto lake linatosha kuvilegeza. Mashina magumu ya mchicha yaweke kando kwa kesho.

Nyanya ningeziacha. Nyanya na limao vyote ni vichachu, na vikikutana hushindana hadi mlaji hajui ameonja nini. Kama huwezi kula bila rangi nyekundu, hoho nyekundu itafanya kazi hiyo bila ugomvi. Bilinganya hunywa mafuta yote na kuomba mengine, kwa hiyo ingoje siku yenye nafasi. Bamia pia, ingawa ndimu hupunguza mlenda wake. Mlenda kwenye spageti ni jambo ambalo sijaona mtu akiliomba mara ya pili.

Mafuta ya alizeti ya Singida au Dodoma yanatosha kabisa. Yale yaliyokamuliwa kienyeji yenye harufu ya mbegu ni mazuri zaidi hapa kuliko yale yaliyosafishwa yasiyo na ladha, na ni ya bei nafuu kuliko ya zeituni. Kijiko cha siagi mwishoni hulainisha makali ya limao. Kama unayo mafuta ya zeituni, usikaangie, nyunyizia juu.

Jikoni mambo huenda hivi. Unaingia, unawasha moto chini ya maji kabla hata hujavua viatu. Maji yanapopata moto unaosha mboga na kuzikata, unakwangua limao na kulikamua kwenye kikombe. Maji yakichemka, chumvi, spageti, koroga. Sasa una dakika nane hivi. Weka kikaango kikubwa kwenye jiko la pili, vijiko vinne vya mafuta, hoho na kitunguu kwa moto mkali hadi vipate madoa ya kahawia. Punguza moto, tia punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba na pilipili mbuzi kipande, na usizipe kisogo: kitunguu saumu kikigeuka kahawia kinakuwa kichungu, na pamoja na limao uchungu huo unaongezeka maradufu. Kikianza tu kunukia, mwagia upawa mmoja wa maji ya spageti ili kikome kukaangika. Wakati huo karoti na maharage machanga yamekwisha kuingia sufuriani. Chota vile vikombe viwili, chuja, na umimine kila kitu kwenye kikaango kikiwa bado motoni. Ongeza nusu kikombe cha maji yale meupe, koroga na kurusha kwa dakika moja na nusu, uone maji na mafuta yakiungana na kuwa kitu kimoja kinachong'aa. Kikikauka, ongeza. Spageti huendelea kunywa hata ukishaipakua, kwa hiyo iache iwe na majimaji kuliko unavyodhani inafaa.

Wenye jiko moja la mkaa au plagi moja wasikate tamaa. Kaanga mboga kwanza, zifunike kando, kisha chemsha spageti; mwishoni rudisha vyote kwenye sufuria hiyo hiyo ya spageti. Mtachelewa dakika kumi.

Zima moto. Mchicha, ganda la limao, siagi, geuza. Onja chumvi kabla ya kutia maji ya limao, si baada. Chakula kisichokolea chumvi kikitiwa limao huonekana kichachu tu, na mpishi hudhani limao limezidi wakati chumvi ndiyo iliyopungua. Chumvi ikikaa sawa, tia vijiko viwili vya limao, geuza, onja, kisha cha tatu. Likizidi kweli, dawa ni mafuta au siagi kidogo na maji ya spageti. Sukari iwe chembe tu. Magadi usiyafikirie.

Juu yake kinatakiwa kitu kikavu cha kutafuna. Italia ni jibini, na jibini gumu la kukwangua lipo supamaketi kwa bei ya kuudhi. Kusini mwa nchi hiyo hiyo, waliokosa jibini walinyunyizia mkate mkavu uliosagwa na kukaangwa kwa mafuta, na mkate wa juzi kila nyumba unao. Sisi tuna korosho. Korosho za Mtwara zikikaushwa kikaangoni na kupondwa kidogo kwenye kinu zinaleta mafuta, utamu na mlio wa meno, na kwa spageti ya limao sioni jibini linalozishinda. Karanga zinafaa pia ila ladha yake hutawala. Majani mabichi yawe mengi: kotmiri, au nanaa chache zilizochanwa kwa mkono, au rehani ukiwa na jirani mwenye kichaka chake.

Anayetaka ladha ya pwani apunguze maji ya spageti na badala yake atie nusu kikombe cha tui zito la nazi, tangawizi iliyokwanguliwa, na ndimu badala ya limao. Tui liingie moto ukiwa mdogo, ndimu moto ukiwa umezimwa, la sivyo linakatika na kuacha chengachenga. Maziwa ya kawaida usithubutu; yatagandia hapo hapo. Anayetaka kitu cha kushiba zaidi aongeze maharage yaliyobaki jana au dengu, au ampasulie kila mtu yai la kuchemsha.

Kikibaki, kiweke kwenye friji kikishapoa, kwenye bakuli la plastiki au la kioo, si kwenye sufuria. Asubuhi ukijani utakuwa umefifia kwa ajili ya limao, lakini ladha ipo, na kwa kubeba kazini ni chakula kinacholika baridi bila kuona aibu. Ukikipasha, kinyunyizie vijiko viwili vya maji na ukikamulie ndimu upya.

Halafu kuna chai. Mboga za majani zina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C ya limao husaidia yapokelewe vizuri zaidi. Chai ya rangi au ya maziwa inayofuata chakula papo hapo hufanya kinyume, kwa kuwa tanini zake huyashika madini hayo. Ipeleke mbele saa moja hivi, hasa kama mezani kuna mjamzito au msichana anayekua. Taarifa ya habari ikiisha, tenga birika.